Babu Aliyesahau Majina Yetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, siku ya kuchangia mfuko wa familia zinazotunza wazee wenye ugonjwa wa kusahau



Nimepewa heshima ya kusema machache kabla ya michango kupokelewa. Nitaeleza mambo matatu: babu yangu alikuwa nani, ugonjwa uliomchukua ni upi, na kwa nini familia yetu imeomba fedha za leo ziwafikie watu ambao wengi wao hawajawahi kuvua viatu mlangoni mwa hekalu hili.

Wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee wa Duka. Sisi wajukuu tulimwita Dada, maana kwa Kigujarati Dada ni babu mzaa baba. Watoto wa jirani walicheka sana walipotusikia tukimwita dada mzee mwenye masharubu meupe, naye alicheka pamoja nao. Wazazi wake walitoka Gujarat. Yeye alizaliwa Musoma, akaja Tarime akiwa kijana, akafungua duka la khanga, chumvi, mafuta ya taa na majembe. Kiswahili alikijua kama lugha ya mama yake. Kikurya alijifunza kwa wateja, na akina mama waliotoka vijijini siku za gulio walipenda kumsahihisha.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa baada ya majumba kutaifishwa mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi katika miji midogo ya nchi hii zilifunga virago. Ndugu zetu wengine walikwenda Nairobi, wengine Leicester kule Uingereza. Babu alibaki. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba watu wanadaiwa dukani kwake na yeye anadaiwa na watu, kwa hiyo hawezi kuondoka kabla hesabu haijafungwa. Ulikuwa utani, lakini kulikuwa na kweli ndani yake. Daftari la mikopo alikuwa nalo, ila hakulifungua mara kwa mara, kwa sababu deni la kila mtu alilijua kichwani, pamoja na majina ya watoto wa mdaiwa na hali ya shamba lake mwaka ule. Mvua ilipokosekana, deni halikutajwa.

Huyo ndiye mtu aliyeanza kusahau.

Ilianza kwa mambo madogo. Alimrudishia mteja mmoja chenji mara mbili. Aliuliza saa ngapi, akajibiwa, akauliza tena. Aliagiza katoni za sabuni zilezile zilizokuwa zimejaa stoo. Tulisema ni uzee. Mwaka uliofuata akaanza kuamka saa tisa usiku kwenda kufungua duka. Halafu ikaja hofu. Usiku alitoa risiti kutoka kabatini, akazipanga sakafuni, akanong'ona kwamba wakaguzi wako mlangoni. Wenye umri wangu hawakuelewa. Wazee walioko hapa watakumbuka mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi, wakati ambapo mwenye duka, hata asiye na kosa, aliposikia hodi usiku alitetemeka. Kwa babu, mwaka ule ulikuwa umerudi. Ya jana yalikuwa yamefutika, na ya miaka ya nyuma yalikuwa yamesimama mbele yake kama yanatokea sasa.

Nakiri mbele yenu kwamba tulimkosea. Tulibishana naye. Tulimwambia, "Dada, hakuna mkaguzi, mwaka huo ulipita zamani," naye akazidi kuogopa, kwa kuwa sasa hata wajukuu walikuwa upande wa wakaguzi. Jamaa mmoja wa ukoo wetu alisema hayo ni malipo ya matendo ya maisha yaliyotangulia. Rafiki mmoja wa mjini alisema mzee amerogwa na mshindani wa biashara. Maneno hayo mawili yanatoka katika mila mbili tofauti, lakini yalitufanya jambo moja: yalitufungia mlango wa hospitali kwa karibu miaka miwili.

Tulipompeleka kwa daktari Mwanza, tulijifunza kwanza kwamba si kila anayesahau ana ugonjwa huu. Daktari alimpima damu, shinikizo na sukari, akachunguza tezi ya shingo na upungufu wa vitamini, akauliza dawa anazotumia, akauliza kama ana huzuni nzito. Alieleza kwamba baadhi ya hali hizo, pamoja na maambukizi kama kaswende iliyofika kwenye ubongo, huweza kumfanya mtu asahau, na nyingine kati yake zinatibika. Ndiyo maana kumpeleka mzee hospitali mapema si kupoteza nauli.

Kwa babu, jibu lilikuwa dimensia. Neno hili halitaji ugonjwa mmoja. Linataja hali inayoletwa na magonjwa kadhaa yanayoharibu ubongo kidogo kidogo, hadi kumbukumbu, lugha, hesabu na hata njia ya kwenda chooni vinapotea. Ulio mkubwa kati ya magonjwa hayo unabeba jina la daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza madaktari wenzake habari za mama mmoja aliyemhudumia katika mji wa Frankfurt. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na dimensia, na zaidi ya 60 katika kila 100 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Dawa ya kuiponya haijapatikana.

Babu yangu, basi, alipata jina la ugonjwa wake. Sasa naomba niwaeleze habari za mtu ambaye hakulipata.

Mchana babu alitunzwa na mama mmoja ambaye wengi mnamfahamu kwa sura. Amenipa ruhusa ya kusimulia haya, akaniomba nisimtaje jina. Yeye ndiye aliyetufundisha kuacha kubishana. Babu aliposema wakaguzi wamefika, mama huyu alichukua zile risiti, akazitazama moja moja kwa makini, kisha akasema, "Mzee, nimeshawaonyesha. Wamesema hesabu iko sawa, wamekwenda." Babu alishusha pumzi, akalala. Sisi tuliosoma hatukuwa tumeliwaza hilo. Tulimwuliza amejifunza wapi. Alisema tu, "Nimezoea." Hatukumwuliza amezoea kwa nani.

Mara mbili aliomba ruhusa ya siku chache kwenda kijijini kwao, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti. Mara ya kwanza tulimpa siku tatu. Mara ya pili tulinung'unika, kwa sababu babu alikuwa na wiki mbaya, na tukampa mbili. Alirudi kwa wakati, akaendelea na kazi.

Babu alipofariki, baada ya siku za matanga, ndipo alipotueleza. Mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa uleule. Alikuwa akitoka usiku, akitembea uwanjani kwa watu, akigonga milango na kuita majina ya watu waliokwisha kufa. Mjini kwetu, mzee anayetembea usiku ni mgonjwa. Kijijini, mwanamke mzee anayetembea usiku, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote, anaitaja maiti kwa jina, anapewa jina lingine. Ndugu zangu, sihitaji kulitamka. Mnajua kwamba katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi. Wanawe waliogopa. Walimfungia ndani usiku, kwa nje, ili wamwokoe na panga. Binti yake alipoomba ruhusa kwetu, alikuwa anakwenda kukaa na wazee wa kijiji kuwasihi.

Kwa hiyo kwa muda wote ule, mama huyu alimtuliza babu yangu mchana, na mama yake mwenyewe alilala nyuma ya mlango uliofungwa. Sisi tulimlipa mshahara, tukajiona watu wema. Umbali kati ya wazee hawa wawili ulikuwa mto mmoja na nauli ya kwenda Mwanza.

Ndugu zetu wa Mwanza, Nairobi na Leicester walikuwa wamekwisha kuchanga fedha za kumkumbuka babu. Shauri la kwanza lilikuwa kuweka bamba la marumaru kwenye ukumbi huu, jina lake kwa herufi za dhahabu, pamoja na mapangaboi mapya. Tulipoyasikia maneno ya mama huyu, baba yangu alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba mzee wetu mwenyewe alikuwa hawezi tena kusoma jina lake, na kwamba kwa sasa marumaru haina wa kuisoma. Bibi aliafiki. Fedha zile ndizo zilizoanzisha mfuko tunaouchangia leo.

Yapo yanayoweza kufanyika bila mashine za gharama, na ushahidi umetoka katika nchi yetu wenyewe. Katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee zaidi ya 1,100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kwamba takriban 6 katika kila 100 walikuwa na dimensia. Basi tusiseme ni ugonjwa wa Wazungu au wa watu wa mjini. Baadaye hukohuko Hai walijaribu tiba ya kuchangamsha akili: wazee wachache wanakutana mara mbili kwa wiki, vikao 14 kwa wiki saba, wanazungumza habari za utoto, chakula na kazi, wanaimba, wanashika vitu vya zamani na kuvitaja. Waliohudhuria walipata nafuu katika kufikiri, na wasiwasi wao ukapungua. Hawakupona, lakini nyumba zao zilipata utulivu. Jirani zetu wa Kenya nao wametuonyesha njia nyingine: shirika lao la Alzheimer na dimensia, lenye makao Nairobi, lilikua kutokana na familia zilizokutana kupeana moyo.

Mfuko wetu ni mdogo, na kazi zake tumezipunguza ziwe tatu ili zifanyike kweli.

Ya kwanza ni elimu. Tunataka wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenyeviti wa vitongoji, wazee wa mila, wachungaji, masheikh na viongozi wa hekalu letu wakae darasa moja, wajifunze dalili za ugonjwa huu na namna ya kumpeleka mgonjwa hospitalini. Mzee wa mila akisimama mbele ya mkutano akasema, "Mama huyu ni mgonjwa, aachwe," neno lake litalinda uhai kuliko hotuba yangu.

Ya pili ni nauli na vipimo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitambua haki ya mzee kutibiwa, na hospitali zetu zina dirisha la wazee. Lakini dirisha halimfikii aliye kijijini bila gari na bila mtu wa kumsindikiza.

Ya tatu ni mapumziko ya mtunzaji. Mara moja kwa mwezi, ukumbi huu utafunguliwa kwa wanaotunza wagonjwa, wa dini yoyote na wa kabila lolote. Wazee watapata chai, nyimbo na mazungumzo pamoja na watu waliofundishwa, na watunzaji watapata saa chache za kukaa, kusema yaliyowajaa moyoni na kusikilizwa. Wengi wao ni mabinti na wakwe, na kwa kawaida hakuna anayewauliza hali.

Mapato na matumizi yatabandikwa ukutani, hapo karibu na mlango, kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili kinachosomeka na kila mtu. Babu asingekubali hesabu ya kufichwa.

Waumini wenzangu, kila mwaka, karibu na mwezi wa Septemba, tunashika siku za Pitru Paksha, tukiwapa heshima wahenga wetu kwa chakula na maji. Tarehe 21 Septemba ulimwengu huadhimisha Siku ya Alzheimer, na tarehe 1 Oktoba Siku ya Wazee. Siku hizo zinakaribiana, na naomba tuzitumie pamoja. Sote tulisimuliwa utotoni habari za Shravan, kijana aliyewabeba wazazi wake vipofu katika vikapu viwili vilivyoning'inia kwenye mti begani mwake, akawapeleka kuhiji. Hatusimuliwi kwamba aliwauliza kwanza kama wanamkumbuka. Tukiwapa chakula wahenga waliokwisha kuondoka, huku mzee aliye hai amefungiwa ndani kwa sababu ametusahau, ibada yetu ina upungufu.

Majirani zetu Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wajaluo na wengine wote, ninyi heshima kwa mzee hamhitaji kufundishwa nasi. Siku moja babu alipotea. Alitoka asubuhi bila viatu, tukamtafuta hadi jua likaelekea magharibi. Vijana wa bodaboda walimkuta njia ya Nyamongo, mbali na mjini, akisema anakwenda Musoma kwa mama yake. Hawakumcheka. Mmoja wao alimwambia kwamba Musoma njia yake ni ya kurudi nyuma, akampandisha, akamleta nyumbani. Baba alipotaka kumlipa, kijana yule alikataa, akasema, "Huyu mzee alimkopesha bibi yangu jembe." Babu alikuwa amekwisha kulisahau jembe lile, lakini lilikuwa bado linakumbukwa katika nyumba nyingine.

Kabla sijamaliza, niwaombe mambo machache yasiyohitaji fedha. Mzee wako akianza kupotea katika njia anayoijua, kurudia swali lilelile, kushindwa hesabu alizozizoea, au kubadilika tabia ghafla, mpeleke kituo cha afya. Mvishe bangili au mshonee kitambaa chenye namba ya simu. Weka dawa, viberiti na sumu za shamba mbali naye. Akikuita kwa jina la ndugu yake aliyekufa, usimsahihishe kila mara, itika. Nanyi ambao bado hamjazeeka, pimeni shinikizo la damu na sukari, acheni tumbaku, punguzeni pombe, vaeni kofia ngumu mnapopanda pikipiki, na asiyesikia vizuri atibiwe masikio. Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililokusanywa na jarida la Lancet lilieleza kwamba karibu visa 45 katika kila 100 vya dimensia vingeweza kuzuilika au kucheleweshwa endapo mambo 14 ya aina hiyo yangedhibitiwa katika maisha yote.

Katika mwaka wake wa mwisho, Kiswahili kilimtoka babu, na Kikurya kikatangulia kumtoka. Alibaki na Kigujarati cha utoto, na mwishoni maneno machache tu. Jina langu halikuwamo. Yule mama hakujua Kigujarati, lakini alikuwa amejifunza maneno mawili: maji na njoo. Aliyatamka vibaya, na babu aliyaitikia kila mara.

Mama yake yu hai. Sasa amekwisha kuonana na daktari, na wazee wa kijiji wameelezwa. Mlango wake bado hufungwa usiku, ila kwa ndani, na binti yake analala humo pamoja naye. Hayo yamewezekana kwa sehemu ya kwanza ya mfuko huu. Wapo wengine ambao bado hawajafikiwa, pande zote mbili za Mto Mara, na kwa ajili yao naomba mchango wenu, mwenye kingi na mwenye kidogo.

 Mungu awajalie maisha marefu, na watu wa kuwatunza.